Meli Haimsubiri Mgeni: Tujifunze Kumrudisha Bandarini kwa Wakati



Kila mwaka, hasa kuanzia Juni hadi Septemba wakati barabara zetu za vumbi zinapitika vizuri, tunapokea wageni wanaokuja kuona kazi inayofanyika katika vijiji vya Misungwi. Baadhi yao huingia Mwanza asubuhi kwa meli kutoka Bukoba, hushinda nasi kijijini, kisha jioni hurudi bandarini kuendelea na safari. Ziara ya namna hii ni fupi, na ina mpaka mmoja usiosogezwa, nao ni saa ya meli.

Katika toleo hili tumeona ni vema tueleze namna ya kuipanga siku hiyo. Hatuandiki kama wataalamu wa usafiri. Tunaandika kama watu ambao wamewahi kuachwa.

Kilichotupata

Kabla daraja la Kigongo halijafunguliwa, tulipokea wageni 5 waliokuja kuona tangi la kuvunia maji ya mvua katika shule moja ya msingi. Walikuwa wametoka Bukoba, na walipaswa kurudi huko usiku uleule kwa sababu kikundi cha akina mama kilikuwa kimejiandaa kuwapokea kesho yake asubuhi. Ratiba yetu ilisema wageni waondoke kijijini saa 9 alasiri.

Saa 9 ilipofika, chakula kilikuwa bado jikoni. Baada ya chakula ikaja ngoma ya bugobogobo, kisha risala ya shule, risala ya kamati ya maji, majibu ya wageni na zawadi. Wageni walipewa michembe, karanga na kuku watatu walio hai. Sote tulikuwa tunatazama saa, lakini hakuna aliyethubutu kumkatisha mzee wa kijiji akiwa anashukuru. Tuliondoka saa 12 na nusu jioni, jua likizama.

Katika giza la kati ya Usagara na Buhongwa, dereva wetu akiwa anakimbiza gari, tulimkuta ghafla mtu wa baiskeli aliyebeba magunia ya mkaa, bila taa. Dereva alimkwepa, gari likatoka nje ya lami na kusimama kwenye majani. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyeumia. Tulifika bandarini saa 3 kasoro robo usiku. Meli ilikuwa bado gatini, taa zake zote zinawaka, lakini geti lilikuwa limekwisha kufungwa. Tuliomba, tukaeleza, tukaonyesha tiketi. Baada ya robo saa tuliiona ikiondoka.

Kesho yake wageni walipanda basi, wakasubiri kivuko cha Kigongo, wakazunguka kwa Geita na Biharamulo, na kufika Bukoba usiku. Akina mama walikuwa wamesubiri tangu asubuhi na kurudi makwao. Fedha ya vyumba, chakula na nauli ilitoka katika fungu letu la mafuta ya gari. Kwa sababu hiyo, ziara mbili za kufuatilia visima katika robo ile ya mwaka hazikufanyika.

Hatukumlaumu mlinzi wa geti wala wenye meli. Kosa lilikuwa letu, na lilianza mapema sana kabla ya kufika getini.

Kwa nini meli haisubiri

Wengi wetu tumezoea basi. Basi likiwa linaondoka unaweza kupiga simu kwa wakala, au kupanda bodaboda ukalisubiri kituo kinachofuata. Meli haina kituo kinachofuata. Ikishafungua kamba imeondoka.

Tena meli haijiendeshei mambo peke yake. Kabla haijaondoka, idadi na majina ya abiria hufungwa, mizigo hupangwa na kufungwa kamba, ngazi huondolewa, na ruhusa ya kuondoka hutolewa. Orodha ya abiria ikishafungwa, kumwongeza mtu dakika za mwisho ni kuiharibu hesabu inayowalinda wote waliomo. Meli kama MV Victoria, ambayo ilirudi majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa, ina uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Kuchelewesha abiria zaidi ya elfu moja kwa sababu ya watu watano si jambo ambalo nahodha anaweza kulikubali kila siku.

Tatizo hili si la Mwanza peke yake. Machi 2024, meli kubwa ya watalii iitwayo Norwegian Dawn, ikiwa katika safari ya kutoka Cape Town kwenda Barcelona, ilitia nanga katika kisiwa cha São Tomé, Afrika ya Kati. Abiria 8, raia wa Marekani na Australia, walikwenda kutembea kwa mpango wao wenyewe, si kwa matembezi yaliyoandaliwa na meli. Walichelewa kurudi. Walinzi wa pwani waliwachukua kwa boti hadi ubavuni mwa meli, ambayo ilikuwa bado haijaondoka, lakini hawakuruhusiwa kupanda. Ikawabidi wapite nchi kadhaa kuifuata. Walipofika Gambia meli haikuweza kutia nanga huko kwa sababu ya hali ya maji, wakaendelea mpaka Senegal ndipo wakaipata, mwanzoni mwa Aprili.

Tunalieleza hili kwa sababu lina fundisho kwa kamati zetu. Kampuni nyingi za meli za watalii hufuata kanuni moja: abiria akienda kwa matembezi yaliyoandaliwa na meli, meli huchukua dhamana ya kumrudisha, akienda kwa mpango wake, dhamana ni yake mwenyewe. Mgeni anayekuja kwetu siku zote yuko katika kundi hilo la pili. Anaposhuka melini na kupanda gari letu, sisi ndio tumechukua dhamana.

Saa ya nani?

Sababu ya kwanza ya kuchelewa ni ndogo hata inachekesha, nayo ni namna ya kusema saa. Mgeni anayesoma tiketi yenye maandishi 21:00 anajua ni saa 9 za usiku kwa hesabu ya kwao. Kwetu hiyo ni saa 3 usiku. Tukimwambia mgeni kwa Kiingereza tukiwa tunafikiri kwa Kiswahili, au yeye akatuambia kwa Kiswahili akiwa anafikiri kwa Kiingereza, tunapishana kwa saa 6 nzima. Saa 9 usiku yetu ni alfajiri ambapo meli iko katikati ya ziwa.

Aidha, wapo wageni wanaofika Misungwi kwa barabara kutoka Rwanda, Burundi au mashariki ya Kongo. Nchi hizo ziko nyuma yetu kwa saa moja. Simu nyingi hujibadilisha zenyewe, lakini saa ya mkononi haijibadilishi. Na katika meli za watalii zinazopita pwani, meli inaweza kuwa na saa yake ambayo haikufuata ya bandarini. Saa ya kufuata ni ile ya meli.

Hivyo basi, tunashauri kila ratiba ya mgeni iandikwe kwa namna zote mbili, mfano: "Kuondoka kijijini saa 10:00 alasiri (16:00)". Tena kabla ya kuondoka bandarini asubuhi, mwenyeji na mgeni wasimame pamoja na kulinganisha saa zao. Ni kazi ya dakika moja.

Jambo jingine ni jina la bandari. Mwanza ina Bandari ya Kaskazini na Bandari ya Kusini, ina kivuko cha Kamanga, na ina mwalo wa Kirumba. Dereva akiambiwa tu "bandarini" anaweza kuwapeleka wageni mahali pasipo pao. Jina la bandari liandikwe kwenye ratiba, na dereva aambiwe tangu asubuhi.

Hesabu ya kurudi nyuma

Kosa letu kubwa lilikuwa kuipanga siku kwa kuanzia asubuhi kwenda mbele. Tuliandika mapokezi, halafu ukaguzi wa mradi, halafu chakula, na kilichobaki tukakiita safari ya kurudi. Sasa tunaanzia melini na kurudi nyuma. Tuchukue mfano wa meli inayoondoka saa 3 usiku.

Saa ya kuondoka si saa ya kufika. Kitu cha kwanza ni kuuliza ofisi ya tiketi geti linafungwa saa ngapi siku hiyo, kwa maana ratiba hubadilika. Tuseme ni saa 2 usiku. Kwa ajili ya ukaguzi wa mizigo na vitambulisho, tunataka mgeni awe mbele ya geti saa 1 usiku.

Kutoka Misungwi mjini hadi bandarini ni mwendo wa kama saa moja barabara ikiwa nyeupe. Lakini jioni haiwi nyeupe. Kuanzia Buhongwa, kupita Nyegezi na Mkuyuni hadi mjini, daladala, malori na bodaboda hubanana, na mvua ikinyesha hali huwa mbaya zaidi. Kwa hiyo tunahesabu saa mbili. Tunapaswa kutoka Misungwi mjini saa 11 jioni.

Kutoka kijijini hadi lami ni nusu saa. Tunahesabu saa moja, kwa sababu ya pancha, ng'ombe njiani au tope. Tunapaswa kutoka kijijini saa 10 alasiri.

Kuagana nako kunahitaji muda wake. Tangu mtu aseme "sasa wageni wetu wanaondoka" hadi gari liwashwe, sisi hatujawahi kutumia chini ya saa moja. Kwa hiyo kuagana kuanze saa 9 alasiri.

Ukirudi nyuma zaidi utaona kwamba chakula kinapaswa kuwa mezani saa 7 mchana, na kazi ya kukagua mradi iwe imekwisha kabla yake. Hapo ndipo kamati inapogundua kuwa siku haina nafasi ya miradi minne. Ina nafasi ya miwili. Ni afadhali kulijua hilo wiki moja kabla kuliko saa 12 jioni.

Daraja limesaidia, lakini halikuongeza saa za siku

Tunamshukuru Mungu kwa Daraja la J.P. Magufuli linalounganisha Kigongo, hapa Misungwi, na Busisi, upande wa Sengerema. Lina urefu wa kilomita 3 na lilifunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025. Kabla ya hapo, kila aliyetaka kuvuka aliingia foleni ya kivuko. Siku njema alivuka upesi, na siku mbaya alikaa saa mbili au zaidi. Wagonjwa, wafanyabiashara na wageni wote walikuwa na foleni moja. Leo ni dakika chache tu kwa gari.

Hata hivyo, tumeona jambo moja. Kwa kuwa sasa ni rahisi kuvuka, kamati zinaongeza vituo. Mgeni aliyekuwa aone Misungwi tu anapelekwa pia Sengerema, na mwingine anaomba afike Geita "kwa kuwa daraja lipo". Muda uliookolewa darajani unatumika wote, na mara nyingine unazidishwa. Foleni ya Kigongo imeondoka, lakini ile ya Nyegezi na Mkuyuni ipo palepale, na meli ina saa yake ileile. Muda tuliopewa na daraja tuuache uwe akiba.

Mtunza saa

Tumejifunza kwamba ratiba bila mtu wa kuisimamia ni karatasi tu. Kila kamati inayopokea mgeni wa meli imteue mtunza saa mmoja. Asiwe mwenyekiti, kwa sababu mwenyekiti ana wageni wa kuwahudumia na wazee wa kuwaheshimu. Asiwe dereva, kwa sababu dereva ataambiwa asubiri. Awe mtu mzima anayesikilizwa, na jina lake litangazwe mbele ya wote tangu mapokezi, ili akisimama baadaye asionekane amekosa adabu.

Zipo njia za kuokoa muda bila kupunguza heshima:

Risala iwe moja, na nakala yake mgeni apewe mkononi. Zawadi zitolewe wakati wa mapokezi badala ya mwisho, ili zifungwe na kupakiwa mapema. Ngoma ianze wakati chakula kinaandaliwa. Kuhusu kuku, tunajua uzito wake kwa desturi yetu. Lakini kuku hai ni kazi kubwa kwa mtu anayekwenda kulala melini. Kamati moja sasa humkabidhi mgeni kuku mbele ya watu, naye humwachia mlezi wa bweni la shule kwa maneno ya shukrani. Watoto hula, mgeni huheshimiwa, na gari huondoka.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona ikiwa mgeni ameachwa gizani nje ya geti. Kumwachilia mgeni kwa wakati ni sehemu ya ukarimu, sawa na kumpokea.

Kwa wafadhili wetu

Tunaomba msaada wenu katika mambo machache.

Kwanza, mkipanga ziara na kurudi melini siku hiyohiyo, tuambieni mapema jina la meli, bandari na saa. Msituambie mkiwa tayari kijijini.

Pili, mnaposhuka melini chukueni hati ya kusafiria, dawa mnazotumia kila siku, chaja ya simu na fedha za kutosha kulala usiku mmoja. Wale waliochelewa São Tomé walipata taabu zaidi kwa sababu mizigo yao ilibaki melini. Andikeni pia kwenye karatasi namba ya simu ya ofisi ya meli, maana simu huishiwa chaji.

Tatu, tukisema muda umekwisha, msituhurumie kwa kusema "dakika tano tu". Dakika tano za mgeni huwapa ruhusa wenyeji wote waanze upya.

Nne, wapo wanaofika Zanzibar au Mombasa kwa meli za watalii na kutuuliza kama wanaweza kuruka kwa ndege asubuhi, wafike Misungwi, na kurudi jioni kabla meli haijaondoka. Jibu letu ni hapana. Tungependa sana kuwaona, lakini ndege moja ikichelewa safari yote imeharibika. Njooni siku nyingine mkiwa na usiku wa kulala.

Mkichelewa, chelewaheni salama

Pamoja na yote haya, siku moja mtachelewa. Hapo tunataka kila mwanakamati akumbuke neno moja: meli ikikosekana, imekosekana. Isifukuzwe.

Tunaoishi kando ya ziwa hili hatuhitaji kukumbushwa kwa maneno mengi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, ikiwa imebeba abiria wengi kupita uwezo wake wa watu 430, na mamia walipoteza maisha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichokuwa na uwezo wa abiria 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 walikufa. Siku ile ilikuwa ya gulio, na kila mtu alitaka kuwahi nyumbani. Vyombo vile vilikuwa na matatizo ambayo si ya abiria. Lakini hakuna hata mmoja aliyepanda akidhani kwamba safari ile ilistahili uhai wake.

Kwa hiyo dereva asiambiwe "kanyaga". Mgeni asipakiwe kwenye mtumbwi au boti ndogo kuifuata meli, wala kwenye chombo kilichojaa, wala kuvuka ziwa usiku. Ngurumo na dhoruba za usiku katika Ziwa Victoria huja ghafla, na mamlaka ya hali ya hewa huzitolea tahadhari kwa sababu hiyo.

Badala yake, mtunza saa akiona kuwa muda hautoshi, apige simu ofisi ya meli mapema, akiwa bado njiani, aulize kama tiketi inaweza kuhamishiwa safari nyingine. Kisha ampigie mwenyeji anayesubiri upande wa pili, ili akina mama wasikae gatini tangu alfajiri. Kisha atafute mahali pa kulala. Kwa shughuli hiyo tunashauri kila ziara iwe na fungu dogo la dharura lililotengwa tangu mwanzo, ili fedha ya visima isiguswe.

Mpaka leo tunamkumbuka yule mtu wa baiskeli. Hatulijui jina lake, na inawezekana yeye hajui kwamba siku ile tulikuwa tunakimbilia meli. Alikuwa anarudi nyumbani na mkaa wake. Kama dereva angechelewa kidogo kugeuza usukani, tungekuwa tumemuua mtu kwa sababu ya risala ndefu. Ndiyo maana tumeandika makala haya, na ndiyo maana tunaziomba kamati zote zinazojiandaa kupokea wageni msimu ujao zikae, zichukue karatasi, na kuanza kuhesabu kutoka melini kurudi nyuma.

Kawia ufike. Lakini ni bora zaidi kuondoka mapema, ili pasiwe na haja ya kuchagua.